Usiipumulie Theluji

Jambo la kwanza katika kazi ya kupiga picha chembe ya theluji ni kufunga mdomo. Sisemi kunyamaza tu. Ufunge, uzuie na pumzi, mpaka kamera imalize kazi yake. Nawaambia mapema, vijana, kwa sababu nawajua. Kiswahili changu mnakielewa chote, mkinijibu mnanijibu kwa Kiingereza, na kwa lugha zote mbili hamnyamazi. Mimi nami natoka Mombasa, mji ambao mtu akitoka asubuhi kununua mkate anarudi adhuhuri kwa ajili ya salamu za njiani. Kwa hiyo kazi hii haikuumbwa kwa watu kama sisi. Lakini niliifanya, na mmeniomba niwaeleze, basi kaeni.

Siku hizi nawaona mnabandika kijilenzi mbele ya simu, mnapiga picha mia, mnafuta tisini. Sisemi ni vibaya. Nasema tu kwamba chembe ya theluji haijabadilika hata kidogo tangu enzi zangu. Bado inayeyuka kwa pumzi ya mtu mmoja, na bado ukiisogelea na uso wako wenye joto inakutoroka. Ujuzi wangu, basi, haujaoza.

Nianze na kosa, maana makosa ndiyo niliyo nayo mengi. Hadubini yangu ya kwanza niliazimwa na Bwana Pratley, mkuu wangu kazini, ambaye habari zake zinakuja. Ilikuwa kuukuu, nzito, na parafujo yake ya kusogeza lenzi ilikuwa ikikwaruza. Kwetu mlango ukilia, cherehani ikikwama, goti likiuma, dawa ni moja tu, mafuta ya nazi. Nilikuwa na chupa yangu niliyotoka nayo Mombasa, naiweka chumbani kando ya hita. Nikaipaka parafujo ile, ikalainika, nikajisifu. Asubuhi nikaitoa hadubini nje ipoe kama nilivyofundishwa. Theluji ikaja, nikapata chembe nzuri, nikaiweka juu ya kioo, nikashika parafujo. Haigeuki. Mafuta yalikuwa yameganda mle ndani kama mshumaa. Mimi niliyezaliwa kwenye joto sikujua kwamba mafuta ya nazi yanaweza kuwa kitu kigumu. Nilibaki naitazama chembe ile kwa macho matupu mpaka ikawa tone la maji. Jumatatu Bwana Pratley aliifungua hadubini kipande baada ya kipande, akainusa, akasema inanukia biskuti.

Nilikuja Birmingham katikati ya miaka ya sitini kusomea uuguzi. Uuguzi ukanishinda. Damu niliiweza, wagonjwa niliwaweza, ila kulala mchana na kukesha usiku kulinitoa roho. Nikasikia kwamba kuna kiwanda mtaa wa Aston kinachosubu shaba, kinatengeneza mifereji ya maji na viungo vya mabomba, na kina maabara yenye chumba cha giza. Nikaenda. Mjomba wangu alikuwa na studio Mombasa, na mimi tangu utotoni nilikuwa nikisafisha picha za harusi za watu. Waliniuliza kama naweza kufanya kazi gizani. Nikawaambia kwamba hapa Uingereza sijaona tofauti kubwa baina ya ndani na nje. Wakanichukua.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kipande cha shaba kinakatwa, kinasuguliwa mpaka kiwe kioo, kinaguswa na tindikali kidogo, kisha kinawekwa chini ya hadubini na kupigwa picha, ili mainjinia waone kama shaba ile itapasuka au itadumu. Siku ya kwanza nilipoinamia lenzi sikuamini. Ndani ya shaba mlikuwa na miti. Shina, matawi, vijitawi vinavyotoka kwenye matawi, vyote kwa mpango. Bwana Pratley akanieleza kwamba shaba ikipoa kutoka uji huganda kama maji yanavyoganda, na kitu kikiganda humea. Kisha akafungua droo, akanitolea picha ya chembe ya theluji aliyoipiga mwenyewe zamani. Ilikuwa na shina, matawi na vijitawi. “Same family, bab,” akasema, yaani ni ukoo mmoja.

Bab ni neno la watu wa Birmingham, wanamwita hivyo mtu wanayempenda na hata wasiyemjua. Asubuhi akifika kazini husema, “Alright, bab?” na hapo salamu ya siku nzima imekwisha. Mwanzo niliona ni ukali. Baadaye nikagundua kwamba mtu yule aliishi peke yake, alikula peke yake, na droo ile ya picha hakuna aliyewahi kumwomba aifungue. Mimi ndiye niliyemwomba, mara nyingi, mpaka ikawa ndiyo mazungumzo yetu.

Sasa niwaeleze sayansi yake kidogo, nanyi msisinzie. Chembe ya theluji huanzia kwenye kivumbi. Juu mawinguni kuna vivumbi, na katika mji huu wa mabomba ya moshi vilikuwa tele. Mvuke unakishika kivumbi, unaganda, na maji yakiganda hujipanga pembe sita, hayajui mpango mwingine. Kisha pembe zinaanza kumea. Kama wingu lina baridi ya kiasi, unapata vibamba au sindano. Likiwa na baridi kali ya kama digrii kumi na tano chini ya sifuri, na unyevu wa kutosha, ndipo unapata nyota yenye matawi sita. Matawi hufanana kwa kuwa yote yamepita hewa ileile kwa wakati uleule. Hayafanani sawasawa, msidanganywe na kadi za Krismasi. Ukitazama vizuri utaona hapa pamepungua, hapa pamezidi. Na wala si nyeupe. Chembe moja haina rangi, inang'aa kama kioo. Weupe mnaouona barabarani ni mwanga uliopotea njia baina ya chembe nyingi.

Kwa sababu haina rangi, ukiipiga picha kipumbavu hutaona kitu. Mwanga upitishe kutoka chini, kisha uzibe nusu yake kwa kipande cha karatasi nyeusi, ndipo kingo zitajitokeza. Mimi nilitumia mwanga wa dirisha. Kila kitu kiwe kimekwisha kupoa kabla hujaanza: hadubini, kamera iliyofungwa juu yake, vioo, hata kibanzi cha kuchukulia. Unachukua sinia, unalifunika kwa mahameli nyeusi, unalitoa nje sekunde chache tu, unalirudisha. Zikiwa zimeshikana mabonge, kung'uta, anza tena. Theluji nyingi ya Birmingham ni hiyo ya mabonge, ya majimaji, haifai kitu. Lakini ikitokea upepo umetulia na baridi ni kavu, zinashuka mojamoja. Unaichagua yako, unaigusa katikati kwa ncha ya kibanzi, unaitenga na wenzake, unaiweka juu ya kioo, unaibana taratibu kwa unyoya. Unalenga. Unazuia pumzi. Unafungua lenzi sekunde chache, na katika sekunde hizo hata mguu usiuhamishe, maana sakafu inatikisika. Mdomo wangu niliufunga kwa leso, kanga ya Mombasa. Leso zilizobaki nilizitia kabatini, nilikuwa sina pa kuzivalia.

Mtaniuliza kwa nini niliipeleka kazi hiyo nyumbani, hali kiwandani hakuna aliyeniomba. Nitawajibu bila kuficha. Nilikuwa mpweke. Nilipanga chumba mtaa wa Lozells, katika zile nyumba za safu zinazogawana ua mmoja nyuma, na Jumapili ilikuwa ndefu kuliko wiki nzima. Watu walikuwa wema, sikuona ubaya wao, lakini kila mmoja alikuwa na mlango wake na ameufunga. Kuna Jumapili nilizungumza na birika. Theluji ilipoanguka nilipata la kufanya. Uani kulikuwa na chumba cha zamani cha kufulia ambacho hakuna aliyekitumia tena, chenye kidirisha kimoja na baridi ya kutosha. Nikakifagia, nikakifanya maabara yangu. Na kazi yenyewe ilitaka mtu mmoja tu, kwa sababu joto la watu wawili katika chumba kile lilitosha kuharibu kila kitu. Kwa hiyo upweke wangu sasa ulikuwa na sababu, na hilo lilinipa nafuu.

Kisha akaja Mama Harjit.

Walihamia nyumba ya jirani mwaka wa sitini na nane, wakati Wahindi wengi wa Kenya walipokuja. Alikuwa Kalasinga wa Kisumu, mjane wa fundi wa reli, ameletwa na mwanawe Harjit. Harjit alipata kazi ya zamu kwenye tanuri la chuma, mkewe akapata kazi ya kushona, na Mama akawa anabaki peke yake mchana kutwa. Kiingereza hakukijua. Siku moja natoa taka, namsikia mtu anamgombeza paka kwa Kiswahili. Kiswahili cha Kihindi cha Kisumu, kilichopindapinda, lakini Kiswahili. Niliitika kabla sijajua naitika nini. Mwanamke yule alinishika mikono yote miwili katikati ya ua, akaniuliza kwetu wapi, baba nani, samaki wa Mombasa ni bei gani siku hizi. Tangu siku ile akaniita beti, yaani binti, na mimi nikamwita Mama.

Sitaki mfikiri nasema mambo ya kupamba. Mtu aliyekaa miezi bila kusikia lugha yake akiisikia, hata ikiwa imevunjika vipande, hurudi mlango uleule kila siku. Jioni nikirudi kazini nilipita kwake kwanza. Alinipa chai ya maziwa yenye tangawizi, ananihadithia Kisumu, mimi namhadithia Mombasa, na tulikuwa tukibishana kuhusu ugali kana kwamba kuna mtu atatoa hukumu.

Lakini chumba changu cha theluji hakukijua adabu zake. Asubuhi moja ya baridi kavu, nimepata nyota ambayo sijawahi kuipata mfano wake, nimeinama juu ya lenzi na leso mdomoni, mlango ukafunguka nyuma yangu. Mama kasimama na gilasi ya chai inayofuka mvuke, na akaanza. Jambo beti. Habari ya asubuhi. Habari ya kulala. Habari ya kazi. Mama yako Mombasa iko salama? Nanyi mnajua tulivyolelewa. Mtu mzima akikusalimia humpi mgongo. Nikageuka, nikashusha leso, nikajibu. Nilijibu yote, mpaka ya mama yangu wa Mombasa, na nilipoirudia lenzi kulikuwa na maji. Mwingereza angeinua kidole tu na kuendelea na kazi. Sisi wawili tuliizamisha nyota ile kwa adabu.

Nilimweleza, akasikitika mno, na tukatunga sheria. Salamu zote zimalizwe uani, za nyumba, za kazi, za jamaa wa Kisumu na wa Mombasa, asibaki mtu hajaulizwa. Kisha anaziba mdomo kwa mtandio wake, anaingia, anasimama kwenye kona ya mbali, na hasemi kitu. Kazi isiyotaka watu wawili ikawa na watu wawili. Alisimama pale asubuhi nyingi. Nilikuwa nikimsikia akizuia pumzi kila nilipoizuia mimi.

Alikuwa na shida moja. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na ya hospitali hakutaka kuyasikia, kisu anakiogopa. Siku moja tukiwa jikoni kwake akaniambia kwamba watoto wa Harjit wamemwambia theluji ni nyota.

“Kila mtu nasema iko nyota,” akasema. “Mimi naona unga tu. Wewe piga moja, fanya kubwa sana, mimi ona. Moja tu, beti. Halafu jicho ikifunga, basi, ifunge.”

Nikamwahidi. Ahadi ile ikawa ndiyo kazi yangu ya kweli, ya kiwandani ikawa ya kunilisha tu. Msidhani ilikuwa rahisi. Picha ndogo nilikuwa nazo, lakini ukiikuza picha ambayo haikutulia sawasawa unapata ukungu mkubwa, na ukungu Mama alikuwa nao wa kwake. Nilihitaji nyota pana, iliyokaa bapa juu ya kioo, yenye kingo kali, ikivumilia mpaka lenzi ifungwe. Baridi ya kwanza ilileta mabonge. Ya pili ilileta mvua. Iliyofuata ilileta siku moja njema, nami nilikuwa kazini. Kila mwaka Mama aliinua mkono wake mbele ya uso na kuusogeza karibu zaidi ili auone.

Na tulikuwa na haraka nyingine. Kaunsili, baraza la mji, walikwisha kutuambia kwamba safu zetu zitabomolewa, kila mtu atapewa pa kukaa kwingine. Mitaa ya karibu ilikuwa imekwisha kuanza kuanguka. Ukitoka kununua maziwa unakuta nyumba ya jana haina ukuta wa mbele, karatasi za maua za chumbani kwa watu zinapigwa na upepo. Familia ya Harjit walipewa fleti mpya upande wa mashariki kabisa ya mji, mabasi mawili kutoka kwetu. Mimi nilibakizwa kwanza, zamu yangu bado. Nilijifanya nawafurahia. Fleti ina maji ya moto, ina bafu ndani, nitasemaje? Lakini nikilala nilikuwa nikihesabu waliobaki uani, na nilikuwa najihesabu mwenyewe.

Wakapanga kuhama Jumamosi. Tulikubaliana nipande nao kwenye gari la mizigo, nimsindikize Mama mpaka mlangoni pa kwake, nimpangie vyombo, nile naye chakula cha kwanza. Kwetu mtu hahami akaachwa aende peke yake.

Jumamosi alfajiri ukuta wangu ukagongwa. Mama alikuwa amefungua dirisha, akatoa mkono nje, na akajua kwa ngozi kabla ya macho. Upepo ulikuwa umekufa. Theluji ilikuwa ikishuka mojamoja, kavu, haina haraka. Nikamwambia leo tuna kuhama, tuiache. Akanitolea ukali ambao sijawahi kuusikia kwake. Gari bado, akasema, niende nikapige, yeye anakuja.

Nikaenda. Sinia la kwanza tu nikaona nyota ambazo Birmingham haikuwahi kunipa. Nikapiga ya kwanza, kingo hazikunipendeza. Nikapiga ya pili, ikateleza. Mlango ukafunguka taratibu, nikajua ni Mama, na sikugeuka. Salamu za asubuhi tulikuwa tumekwisha kuzipitisha ukutani. Nilisikia nyayo zake zikiingia kwenye kona yake. Wakati ule nilikuwa nimeiona yenyewe kwenye mahameli, pana, imelala bapa, matawi marefu. Nikaichukua kwa kibanzi. Nikaibana kwa unyoya. Nikainua kidole kumwambia Mama ngoja. Nikazuia pumzi, nikasikia naye kaizuia, nikafungua lenzi.

Nje Harjit aliita. Gari lilikuwa la kuazima na mwenyewe analitaka. Sikusogea, sakafu ile mnaijua. Nilisikia Mama akisimama kidogo zaidi, kisha nyayo zikatoka, polepole sana, kama anatembea juu ya mayai, kwa ajili ya lenzi yangu. Nikafunga. Nikavuta pumzi. Nikasema, “Mama, tumeipata,” nikageuka, kona ilikuwa tupu. Nikatoka mbio na leso mdomoni. Barabarani kulikuwa na alama za magurudumu, na theluji ilikuwa imeanza kuzijaza.

Niliambiwa baadaye kwamba Harjit alitaka kuja kuniita, Mama akamkataza asifungue ule mlango. Nilirudi uani nikakaa kwenye ngazi ya nyumba yao, nikalia. Tulikaa pamoja miaka, na hatukuagana, kwa sababu nilimfundisha vizuri mno kunyamaza.

Jumatatu nilimweleza Bwana Pratley nataka kukuza picha moja. Alipoiona filamu kwenye mwanga aliigeuza huku na huku. Kisha akanipa karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, akafunga mlango wa chumba cha giza, akasimama nami. Picha ilipoanza kujitokeza ndani ya dawa tukaona kwamba nyota yetu ina kasoro. Tawi moja lilikuwa limekatika karibu na ncha. Akasema anaweza kulitengeneza kwa brashi, kunakili tawi jingine, hakuna atakayejua. Nikamwambia Mama ameniomba kuiona theluji, hakuniomba kumwona Bwana Pratley. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia akicheka, na alicheka kama mtu ambaye hana mazoea, ikamtoka kikohozi.

Jumamosi nikaifunga picha ile, kubwa kama sinia, kwa leso mbili, nikapanda basi mpaka mjini na jingine mpaka mashariki. Fleti yao ilikuwa ghorofa ya juu kabisa. Harjit alikuwa zamuni, mkewe kazini, watoto wametoka. Mama alifungua mlango, akanigusa uso wote kabla ya kusema lolote. Ndani kulikuwa kusafi, kuna joto, maji ya moto yanatoka ukutani. Hakuwa ameshuka chini tangu wahamie. Lifti aliiogopa, vitufe vyake havioni, na majirani wa ghorofa ile hakujua hata sura zao.

Nikamkalisha dirishani kwenye mwanga, nikampa. Aliishika picha mpaka ikamgusa pua. Akaanza kuipitia polepole, jicho limeibana karatasi, anasogeza kichwa kutoka tawi mpaka tawi, na mimi nilikuwa nimezuia pumzi bila kujijua. Akahesabu kwa kunong'ona mpaka sita.

“Hii moja nakatika,” akasema.

Nikajua ameona. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za tawi lile. Nilimshukuru Mungu, nikasema, “Ndiyo Mama, hiyo imekatika.” Nilitaka kuinuka nipike chai, kazi imekwisha, ahadi imetimia. Lakini yeye aliendelea kuipekua karatasi, sasa kwenye ule weusi wa pembeni, kwa kidole na kwa jicho, kama mtu aliyeangusha sindano.

“Na ingine wapi?” akauliza. “Theluji naanguka mingi. Hii kwa nini peke yake?”

Nikamweleza, kama nilivyowaeleza nyinyi. Kwamba ndiyo kazi yenyewe, lazima uitenge na wenzake. Zikiwa pamoja zinafunikana, haionekani hata moja. Peke yake ndipo inaonekana vizuri.

Mama akaiweka picha mapajani. Akageukia dirisha, ambako kulikuwa na anga tu.

“Mimi pia sasa natenga,” akasema. “Juu kabisa, peke yangu. Nani naona mimi vizuri?”

Nilikuwa na sayansi ya pembe sita, na vivumbi, na mwanga wa kutoka chini, basi. Nilivua koti, nikakaa sakafuni miguuni pake, tukakaa hivyo mpaka mkewe Harjit akarudi.

Tangu hapo nilikwenda kila Jumamosi, mabasi mawili kwenda, mabasi mawili kurudi. Tulishuka pamoja kwa lifti, mimi nikibonyeza vitufe, tukazunguka jengo, tukapanda. Macho yake yalifunga kabisa kabla nyumba yangu haijabomolewa. Alipofariki picha ile ilikuwa bado ukutani kwake, naye mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiwaonyesha wageni wa Harjit tawi lililokatika, bila kukosea mahali, kwa kidole.

Picha za theluji sikupiga tena. Niliendelea na shaba mpaka kiwanda kikafungwa, nikasafisha picha za watu wengine mpaka nikastaafu, na hapa mnaponikuta Alum Rock nakaa peke yangu, mnajua. Ile nyota imeonyeshwa mara kadhaa kwenye kumbi za mji huu. Wanakuja watu wenye elimu na wapenzi wa kamera, wananiuliza maswali mazuri. Ni lenzi gani, ni filamu gani, nilizuia pumzi kwa muda gani, baridi ilikuwa kiasi gani siku ile. Nawajibu wote. Tangu Mama Harjit, hakuna hata mmoja aliyeniuliza wenzake wako wapi.